Saruji kwenye Ukuta wa Chokaa

Jumamosi ya pili ya Aprili, mwaka wa 1968, nilikuwa ndani ya kanisa kuu letu la mawe, nikipima ukuta wa kaskazini kwa utepe. Siku hiyo naikumbuka vyema, mwanangu, kwa sababu nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuketi darasani.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni mwaka uliotangulia, na mwanamke wa kwanza katika kamati ya jengo. Chokaa iliyoshika mawe tangu enzi za babu zetu ilikuwa ikimomonyoka kila masika. Waumini nao, kutoka Marani hadi Magwagwa, walikuwa wameongezeka hata wengine wakasalia nje mvuani. Nikapendekeza ukuta wote upigwe plasta ya saruji, kisha tujenge ukumbi mpya ubavuni mwake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," niliwaambia wazee, nao wakakubali. Kipande cha majaribio kilipigwa plasta upande wa nje kabla ya Krismasi, kikapendeza. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Aliyefagia kanisa alikuwa Kerubo, bibi mzee tuliyemwita Omong'ina kwa heshima ya umri wake, aliyekandika nyumba yake kwa udongo kila mwaka, kwa mikono yake mwenyewe. Alinitazama nikipima, akaniita.

"Mwalimu, hebu weka kiganja hapa ndani, nyuma ya saruji yako."

Niliweka. Jiwe lilikuwa limelowa kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

"Paa linavuja," nilisema.

"Paa liko juu, maji yako chini. Umemvalisha mzee koti la mvua, sasa unashangaa anatoa jasho." Akacheka hadi akaegemea ufagio. "Ukuta hunywa mvua, jua likitoka huitema. Wewe umeuziba mdomo. Huko chuoni hamkukandika hata jiko?"

Nilikasirika, sikufichi. Nikikiri kosa, walionung'unika kwamba mwanamke hajui ujenzi wangepata la kusema. Nikinyamaza, mafundi wangeanza kazi mwezi wa sita, na ukuta mzima ungeoza. Basi kila jioni nikawa napita pale kuugusa. Pasipo saruji palikauka siku mbili baada ya mvua. Penye saruji, jiwe lilianza kumenyeka kama kiazi kilichochemshwa.

Mwanangu, ukirithi kitu kikongwe usikizuie kubadilika, maana nyumba isiyowatosha watoto huhamwa. Lakini waulize kwanza waliokitunza, jaribu padogo, ungoje mvua ipite. Ukikosea, sema mapema, ukuta ungali umesimama. Mungu akujalie mikono ya kujenga, na moyo usioona haya kurudi nyuma.

Mimi nilirudi nyuma mwishoni mwa Mei, kwa barua hii:

"Kwako Mwenyekiti, kwa heshima. Naondoa pendekezo langu la saruji. Nilikosea, na aliyenionyesha kosa ni Omong'ina Kerubo. Naomba kipande kile kibanduliwe taratibu na mawe yajazwe chokaa. Ukumbi mpya usimame kando, uungane na kanisa kwa mlango mmoja tu, ili wajukuu wetu wakitaka kuubadilisha wasilazimike kuuvunja ukuta. Naomba pia Omong'ina aalikwe katika kamati. Kama viti havitoshi, aketi kwenye changu."