Mbwa Aliyejiburura Juu ya Mwani

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa msichana wa Ndagoni, nalima mwani na mama yangu, na mbwa kwangu alikuwa kitu cha kupishwa njiani. Usicheke. Leo unaniona nimepiga magoti kwenye hoteli za Ghuba ya Chole, mbwa wa watu mbele yangu, namkamua vifuko vyake vya chini ya mkia, ukadhani nilizaliwa na glovu mkononi. Wapi! Kwetu mbwa akikugusa na pua yake mbichi, pale alipogusa unapaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo, huku shangazi zako wakikusimanga mpaka magharibi.

Kijijini alikuwa amehamia mwalimu wa shule kutoka bara, kijana mpole tukimwita Mwalimu Joseph. Huku kisiwani hakuwa na mke wala ndugu. Alikuwa na mbwa wake wa rangi ya kahawia, Bahati, aliyemlindia shamba la mihogo dhidi ya tumbili. Jioni ungewakuta wawili hao barazani, mwalimu anasahihisha madaftari, mbwa kalala miguuni pake. Mbwa huyo tulimzoea, ila kwa mbali.

Kisha Bahati akaanza vituko. Akikaa, anaruka. Anajigeukia na kujilamba mkiani bila kuchoka. Halafu ananyoosha miguu ya nyuma na kujiburura makalio mchangani, macho kayatoa, hata watu wakamcheka. Wengine wakasema minyoo. Wengine, na mimi nikiwa mmoja wao, tukasema huyu kapandwa na jini.

Asubuhi hiyo wanawake tulikuwa tumeanika mwani juu ya makuti, kazi ya mgongo na magoti, unaijua. Bahati akatokea mbio kutoka kwa mwalimu, akaketi juu ya mwani wa mama yangu, akajiburura kutoka mwanzo wa makuti hadi mwisho, akaingia na kwa jirani. Na huko alikopita akaacha harufu, mwanangu, samaki aliyeozea juani ana nafuu.

"Katunajisia mwani makusudi!" mama akapiga kelele.

Wanaume wakaja na fimbo. Mmoja wao akasema nyumbani kwake ana sumu ya panya, iletwe, yaishe. Mwalimu Joseph akafika anahema, mkono mmoja umefungwa kitambaa chenye damu. Alfajiri alijaribu kumshika Bahati mkiani, akaumwa. Akasimama kati ya mbwa na fimbo, na machozi yakimtoka waziwazi mbele ya wanafunzi wake.

"Wazee wangu, sijui kapatwa na nini," akasema. "Nimemwita bibi mifugo, yuko njiani. Akisema hakuna dawa, basi. Ila msimpige, nawaomba."

Wakati huo huo watu walikuwa wamekwenda kumwita Maalim Kombo, mzee aliyetufundisha Kurani sisi sote, mtu ambaye sijapata kuona doa kwenye kanzu yake. Walitaka aamue habari ya mwani, na nadhani walitaka pia awape ruhusa ya ile sumu. Akafika pamoja na bibi mifugo, Mama Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki.

"Maalim, mwani huu tuutupe?" mama akauliza.

Maalim hakuutazama mwani. Alikuwa anamtazama mbwa aliyejikunyata nyuma ya miguu ya mwalimu, anatetemeka.

"Mwani utaoshwa," akajibu. "Huyu ana nini?"

Watu wakaanza tena kumsimulia habari ya mwani na harufu.

"Nyote mmekwishanieleza alichofanya. Nani kati yenu kamtazama akajua anaumwa wapi?"

Hakupandisha sauti. Lakini mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na fimbo moja moja zikaanza kushuka.

Mama Neema alichutama, akatazama chini ya mkia kwa mbali, akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba kila mbwa ana vifuko viwili vidogo, kimoja huku na kimoja huku, kandokando ya njia ya haja. Ndani mna majimaji yenye harufu, na mbwa akienda haja hutoka yenyewe. Ya Bahati yalikuwa yamekuwa mazito na kuziba, vifuko vimejaa pomoni. Yale tuliyoyaita makusudi yalikuwa maumivu.

"Na vifuko hivyo vya nini?" Maalim akauliza, kwa upole kama mwanafunzi.

"Harufu hiyo ni yake peke yake, Maalim. Mbwa wakikutana wakanusana nyuma, ndivyo wanavyojuana huyu nani na yule nani."

Maalim akainama naye atazame. "Subhanallah," akasema taratibu. "Hata huko kumepangwa."

Mwanangu, nilisikia baridi mgongoni kwenye jua lile. Nilikuwa nimesikia watu wakimsifu Muumba kwa bahari na kwa nyota. Sikuwahi kumsikia mtu akimsifu kwa kitu kilicho chini ya mkia wa mbwa.

Mama Neema akasema anahitaji kitambaa laini cha kumfunga mdomo asiume. Mwalimu akaanza kuhangaika na vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Kabla hajafika kifungo cha pili, Maalim Kombo alikuwa amekwishafungua kilemba chake cheupe, amekitoa. Mama Neema alipokwisha kumfunga nacho mbwa, Maalim akapiga magoti mchangani na kanzu yake, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili.

"Binti Shamte," akaniita mimi, "inua mkia."

Niliuinua. Sijui miguu ilinipeleka vipi. Mwalimu alimshika kifua, na Mama Neema, na glovu zake na pamba, akakishika kifuko kimoja, kidole gumba upande huu na cha shahada upande huu, akabana taratibu kutoka chini kuja juu. Kikatoka kitu kizito cha kahawia, na harufu iliyowakimbiza wanawake mpaka ufukweni. Akahamia cha pili. Muda wote huo Maalim alikuwa akimnong'oneza mbwa maneno ambayo sikuyasikia.

Nilihisi kwa mkono wangu mwili mzima wa mnyama ukilegea. Kilemba kilipofunguliwa, tulirudi nyuma sote isipokuwa Maalim. Bahati akajitikisa, akaenda hatua chache, akakaa. Kukaa tu, mwanangu, makalio chini, kimya, kama mbwa yeyote. Mwalimu Joseph akakaa naye hapo hapo mchangani na kuficha uso.

Maalim akaomba maji na udongo. Akajiosha mbele yetu sote bila kuharakisha, na kilemba akakiosha, kwa hesabu ile ile tuliyofundishwa naye.

"Najisi hii ya mbwa nimepewa maji na udongo wa kuiondoa," akatuambia. "Mngemuua huyu bure, mngeniletea maji gani?"

Akakikamua kilemba, akakitupia begani kikiwa kibichi, akaenda kuswali adhuhuri.

Ndicho kisa cha kazi yangu hii. Nilimfuata Mama Neema anifundishe, na mama, baada ya kununa sana, akaniwekea ndoo yangu ya udongo safi nyuma ya nyumba.

Sasa nawe umeomba nikufundishe. Sikiliza basi. Mbwa asiyehitaji usimkamue, eti kwa sababu mwenyewe anataka huduma kamili. Mwache na vifuko vyake. Anayehitaji, tafuta kwanza mtu wa kumshika kichwa na kusema naye. Ukiona damu, usaha au uvimbe mwekundu, toa mkono wako umwite daktari wa mifugo, usijifanye fundi. Osha ulivyofundishwa. Usizibe pua mbele ya mwenye mbwa. Na mnyama akikuudhi, hata mtu akikuudhi, kabla hujasema ni makusudi, uliza anaumwa wapi.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo usio na haraka ya kulaani. Na siku utakapoumwa wewe, mahali pa aibu, mbele za watu, akujaalie mtu wa kupiga magoti akushike kichwa. Amina.