Mchumba Wangu Alitabiri Timu Yake Haitafika Fainali, Akapanga Harusi Yetu Siku ya Fainali

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana sisi Wakongo wa hapa Minnesota tunajuana hadi kwa viatu. Nina miaka ishirini na sita. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa naishi Saint Paul na wazazi wangu, na nafanya kazi ya usafi hospitalini huko Maplewood. Nina mchumba, nitamwita Fiston. Mnaosoma msinicheke. Kinachoniweka roho juu si mwanamke mwingine, ni timu ya mpira.

Tena si mpira huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana vichwa. Fiston alifika huku akiwa mdogo, akaupenda mpaka basi. Timu yake ni ya chuo kikuu cha hapa. Inacheza ligi ya vyuo vya kanda hii, yenye makundi mawili. Washindi wa makundi hayo wanakutana fainali Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mji mwingine, safari ya siku nzima kwa gari.

Kila mwezi wa nane, kabla msimu haujaanza, Fiston na rafiki zake hukaa nyuma ya nyumba ya kaka yake, wanachoma nyama na kutabiri nani ataongoza ligi na nani atavuta mkia. Mwaka huu nilikuwepo, nageuza mishikaki. Fiston ndiye anayesikilizwa, kwa sababu mara nyingi hupatia. Akasema timu yetu haiendi popote, wachezaji wazuri wameshamaliza chuo. "Trust me, December tutakuwa tunaangalia wengine kwa TV."

Wakati huohuo tulikuwa tunatafuta tarehe ya harusi. Mimi nilitaka mwezi wa tisa, kabla baridi haijatushika. Akakataa, eti kuanzia mwezi wa tisa Jumamosi zake zina mechi. Akachagua mwenyewe Jumamosi ya fainali, mbele ya rafiki zake, akicheka kwamba hiyo ndiyo salama kuliko zote. Nikakubali kuolewa kwenye theluji ili tuishi kwa amani. Wazee wa kwao wakaja kwa baba, mahari ikapokelewa, tarehe ikatangazwa kanisani.

Basi timu ikaanza kushinda. Mechi ya kwanza Fiston akasema bahati. Ya pili, wapinzani wabovu. Kufika mwezi wa kumi hakutafuta visingizio tena, anaruka tu kwenye kochi. Mimi nakaa pembeni yake na jezi aliyoninunulia, mdomo unashangilia, moyo unaomba wafungwe. Nilijipa moyo kwamba aliye juu mngoje chini. Nikangoja weee, hawakushuka. Wakifungwa moja, wanashinda tatu.

Wiki iliyopita alinifuata kazini. Tulipofika nje ya kwetu akazima gari lakini hakufungua milango. Akaniambia wakishinda Jumamosi hii wanaingia fainali, na wasimamizi wake wa harusi wote wanataka kusafiri kuitazama.

"Hii kitu haijatokea tangu nizaliwe," alisema. "Tusukume wedding kidogo tu, babe."

Nikamwambia awatume wazee wake kwa baba. Akainamisha kichwa. Niwaeleze msiojua: kwa desturi ya familia zetu, tarehe ikishatangazwa, upande unaotaka kuibadili unapeleka mbuzi na kuomba radhi mbele ya wote, na sababu inasemwa. Wakiomba wa upande wa mwanamume, wametudharau. Akiomba binti, watu wanaanza kumtazama tumbo.

"Ongea weye," akasema. "Sema hauko ready. Papa yako anakupenda, atakuelewa. Na uongee mbele ya Jumamosi ifike, isionekane ni juu ya mpira."

"Na wakifungwa?"

"Hawafungwi."

Alisema kwa uhakika uleule wa mwezi wa nane. Jamani, niliumia. Mtu aliyekosea utabiri wake mwenyewe ananiomba niibebe aibu yake, niipeleke kwa baba yangu kama yangu.

Nilijaribu hata hivyo, ndiyo maana najiona mjinga. Jana nilimkuta baba anapiga pasi koti la harusi, nikamuuliza ingekuwaje kama tarehe ingesogea. Akaweka pasi chini.

"Uko na mimba?"

"Hapana, papa."

"Basi neno ilishatoka mu kinywa ya bazee. Shangazi yako iko njiani kutoka Texas, vitenge vya familia vilishashonwa. Vraiment, kweli kabisa, usinipatishe haya mbele ya batu."

Nikarudi chumbani. Nikimwambia ukweli, harusi inavunjika na familia mbili zinakuwa maadui kwenye kanisa moja. Nikidanganya, jina langu linachafuka kwa ajili ya mechi. Nikikaa kimya, nitaolewa na mtu ambaye macho yake yatakuwa kwenye simu, na miaka yote atanikumbusha alichokikosa. Kila nikipumzika kazini nakuta ujumbe wake: "Uliongea?"

Zamani niliomba wafungwe. Siku hizi hata hilo naliogopa. Wakifungwa atakuja amenuna, atanikumbatia, aseme yameisha, harusi iko palepale. Baba atafurahi, shangazi atapiga vigelegele, na mimi nitavaa shela nikijua kabisa nani ataniuza siku nyingine. Hakuna atakayeniuliza kitu.

Ndugu zangu, mechi ni Jumamosi. Nishaurini kabla haijaanza. Ikishaisha, washinde wasishinde, najijua, sitaweza kufungua mdomo. Niseme nini kwa baba yangu?