Matone Matatu ya Nyongeza

Nakumbuka Ijumaa moja ya wakati wa Korona, nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara na barakoa yangu imelowa pumzi, nikimtazama binti Mkenya akitia kazi yake ya mwaka mzima kwenye mfuko wa takataka. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, na nilikuwa nimelinyamazia tangu Jumatano.

Mwanangu, sikuwa msichana wakati huo. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, lakini katika kazi ile mimi ndiye niliyekuwa mchanga kuliko wote. Tulifika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, nikafanya usafi kwa miaka mingi, kisha Mungu akanifungulia mlango wa kuandaa chakula cha bakteria katika maabara ya chuo. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Kila asubuhi nilipanda treni kituo cha St Marys na kibali cha kazi kwenye simu, maana mitaa yetu ilikuwa imefungwa, na kila siku niliyoitwa kazini nilishukuru.

Kazi yenyewe haiko mbali na ya jikoni. Unapima, unachemsha, unamimina kwenye visahani vya plastiki, unaacha kigande. Bakteria hupandwa juu yake.

Binti huyo, Atieno, alikuwa akichunguza kimeng'enya kimoja cha bakteria. Aliniachia karatasi ya vipimo, na kwenye vitamini iitwayo biotini aliandika tone moja tu kwa kila lita. Nilikuwa nimeona visahani vyake vya nyuma. Bakteria walikuwa wamekonda. Nikasema moyoni, maskini, wananyimwa.

Kambini niliuza unga kwa kopo. Kopo likijaa unaongeza konzi moja juu, na mteja asiyepewa nyongeza harudi. Mkono wangu ulizoea hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Basi nikaongeza matone matatu mengine. Sikumwuliza mtu. Nilijiona hata mwema.

Jumatano Atieno alifungua kabati la joto akakuta visahani vyote ni vyeupe, naye alitarajia bluu. Siku hizo maabara iliruhusu watu wachache, yeye alipangiwa siku mbili kwa wiki, na profesa wake alitaka matokeo kufikia Jumatatu ili aamue kama atamwombea muda zaidi, au binti arudi Kisumu bila shahada. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwenye simu, "Si chakula. Ni bakteria wangu wameharibika. Ijumaa natupa wote."

Nilielewa papo hapo kwamba ni matone yangu. Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti, nikamwombea Atieno kwa muda mrefu. Tazama ujanja wa moyo, mwanangu. Nilimwomba Mungu afanye kazi ambayo mdomo wangu ungeimaliza kwa dakika moja. Niliogopa kufukuzwa, nikauita woga ule sala. Alhamisi nilikaa kimya. Ijumaa asubuhi nilimsalimia kama kawaida.

Mkono wake ulipogusa vichupa vya mbegu, wale bakteria wenyewe aliowahangaikia mwaka mzima, nilishindwa kuvumilia.

"Atieno, usitupe."

"Mathe," akasema, ndivyo wanavyoita mama kwao, "wacha tu. Wamekataa."

"Hawajakataa. Mimi niliwaongezea biotini. Matone matatu kila lita. Niliona wamekonda."

Akanikodolea macho. "Umewaonea huruma bakteria?"

"Ndiyo."

Akaangukia kiti, akacheka mpaka barakoa ikateremka. "Wah! Mathe amewafanyia bakteria wangu harusi!" Halafu kicheko kikakatika. "Ulijua tangu lini?"

"Jumatano."

"Aki, hapo ndipo unaniumiza. Matone ningekusamehe saa hiyo hiyo. Lakini siku mbili nimejiona mjinga, na wewe unanisalimia."

Binti wa umri wa mwanangu wa pili alikuwa amenikemea kwa haki.

Kisha akanieleza, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na hasira. Kimeng'enya kile kina kazi mbili. Kwanza, kinachukua biotini na kuibandika kwenye protini inayoihitaji, la sivyo bakteria hawezi kutengeneza mafuta ya kuta zake. Protini zikishapata zote, kimeng'enya kinabaki na biotini mkononi na hakuna wa kumpa. Hapo vimeng'enya viwili vya namna hiyo hushikana, vikaenda kukalia jeni za kutengeneza biotini na kuzizima. Atieno alikuwa ameziunganisha jeni hizo na rangi: zikiwaka ni bluu, zikizimwa ni nyeupe.

"Uliwashibisha, kikafunga jiko," alisema. "Kwa hivyo hakijaharibika. Ni kizima kuliko sisi wawili."

Nilikwenda mwenyewe kwa msimamizi nikasema nilichofanya. Nilipewa onyo la maandishi na mwezi mmoja zaidi wa majaribio. Mchana nikatengeneza visahani vipya vya tone moja, na Atieno akaniomba na vingine vyenye nyongeza yangu, akapanda bakteria wake juu ya vyote na kuviweka pamoja kabatini. Jumatatu haikuwa siku yake, hivyo nikafungua kabati mimi. Upande mmoja bluu, upande mwingine nyeupe. Nikapiga picha nikamtumia. Ujumbe wake wa sauti ukarudi: "Mathe! Bluu kama sare ya kwaya yenu ya kanisani!" Picha ile ndiyo aliyomwonyesha profesa, na muda akaongezewa.

Mwanangu unayeanza kazi, kabla hujaongeza chochote kwa wema, muulize mwenye kazi anahitaji kiasi gani. Kile kimeng'enya kisichoonekana hutoa mpaka wote wapate, kisha huacha. Mimi nilitoa bila kutazama. Na ukikosea, sema siku ile ile. Usijifiche nyuma ya sala, maana Mungu anayekusikia anamsikia pia yule uliyemwacha akijilaumu kwa kosa lako.

Bwana aupe mkono wako kiasi na mdomo wako wepesi wa kukiri. Akukutanishe na watu kama Atieno, wanaokemea kisha wakakueleza. Na jioni ya kila siku urudi nyumbani bila neno ulilomficha mwenzako. Amina.