Nilivyomrudisha Mfalme wa Bomba

Kacha! Mpaka leo naisikia kufuli ya bomba letu ikifungwa mbele ya ndoo ya Somoe. Kosa ni langu, ndugu zangu, wala simsukumii mtu.

Huku kwetu Newala, kijiji kizima tuna bomba moja. Ukilikosa, unashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Miaka yote ufunguo alikaa nao Baba Hamisi peke yake. Akikuchukia, huchoti.

Somoe, rafiki yangu tangu shule ya msingi, ndiye aliyewaamsha watu. Tukamwondoa mzee, tukachagua kamati, sheria zikaandikwa kwa chaki ukutani pale bombani. Ya mwisho ilisema: asinyimwe mtu.

Kamati nayo ikawa ugomvi. Huyu kapoteza ufunguo, yule kawafungulia shemeji zake kwanza. Tukachoka.

Mimi niliishia kidato cha pili, ila kusoma napenda. Kaka aliacha nyumbani kitabu cha historia ya Ulaya. Nilikuwa nimefika pale mfalme wa Hispania anaporudi baada ya vurugu. Watu wana furaha mpaka wanawafungua farasi, wanalivuta gari lake wenyewe. Machozi yalinitoka, ilivyokuwa nzuri.

Basi mkutanoni nikaisimulia. Nikamalizia, "Na sisi tumrudishe Baba Hamisi, bila kamati, tupumzike."

Makofi. Somoe akanivuta kanga. "Shoga, huyo mfalme aliporudi alifanyaje?"

"Sijafika huko," nikamjibu, nacheka.

Kesho yake nilimkuta Baba Hamisi bombani, ufunguo umesharudi mkononi mwake, anafuta zile sheria ukutani kwa kitambaa kibichi.

"Shikamoo, Baba Hamisi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe chota utosheke."

Ikafika zamu ya Somoe. Kacha. "Wewe kachote kwenye kamati yako."

Nilirudi nyumbani mbio, nikafungua ukurasa uliofuata. Mfalme aliifuta katiba, akawafunga walioiandika. Ukurasa mmoja tu!

Somoe ni mjamzito, na tumbo limeshakuwa zito. Anashuka bondeni kila siku. Nilimpelekea ndoo ya maji mlangoni, nikaikuta kesho yake imejaa vilevile. Baba Hamisi nimembembeleza, ananicheka: "Si mlinirudisha bila kamati?"

Unayesoma, usimpe mtu ufunguo wote kwa kuwa umechoka na kelele. Zile kelele zilikuwa zetu.

Jana mchana, watu wakiwa kwenye mikorosho, nilikwenda bombani peke yangu na kipande cha chaki. Nikaandika: asinyimwe mtu. Chini yake nikaliandika jina langu, hilihili ambalo hapa nimelificha.