Usimwambie Mnakwenda Kula Chipsi

Siku ile naikumbuka kwanza kwa baridi yake, mwanangu, ile baridi ya Juni ya huku kwetu Ufipa inayokufanya uote moto huku blanketi bado liko mgongoni. Imenirudia kwa sababu jana jioni, nikianua nguo, nilikusikia uani kwako ukimwambia mwanao kwamba Jumatatu mnakwenda mjini kula chipsi. Jumatatu mnakwenda kwa daktari wa meno. Wewe mwenyewe uliniambia. Nimeona nikusimulie jambo ambalo hapa mtaani sijamwambia mtu, na nakuomba usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa kijijini, mbali kidogo na Sumbawanga mjini. Mtoto wangu wa kwanza, Skola, alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa akinunua samaki kule Kipili, ziwani, na kuja kuwauza mjini, kwa hiyo nyumbani tulimwona mara moja kwa mwezi, Mungu akipenda. Skola alimpenda baba yake kupita kiasi. Mimi niliyemlisha na kumwogesha alikuwa amenizoea tu. Baba ndiye aliyekuwa sikukuu.

Basi jino lake moja la nyuma likatoboka. Wiki mbili nzima akila analia. Nilimsukutulisha maji ya chumvi, nikamwekea karafuu, likatulia, likaanza tena. Na katika wiki hizo nilikuwa nafanya lile tunalolifanya wote huku bila kuliona kuwa ni kosa. Akimwaga uji, akigoma kulala, namwambia, "Endelea tu, nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Hata wewe umeshasema hivyo, usinifiche, ukuta wetu ni mwembamba. Tunamfanya daktari kuwa fisi wa kutishia watoto, halafu siku ya kuugua tunashangaa mtoto anakimbilia wapi.

Shavu lilipoanza kuvimba nikaamua kumpeleka. Lakini nitamwambia nini, wakati ni mimi niliyemjaza hofu? Niliwaza atalia njia nzima na watu watanicheka kwamba nimeshindwa na mtoto. Asubuhi nikamwambia, "Vaa gauni la kanisani, tunakwenda mjini kumpokea baba."

Ungemwona! Aliacha kulia palepale. Alifunga karanga za kukaanga kwenye kitambaa, zawadi ya baba, yeye mwenyewe hawezi hata kuzitafuna. Tulipanda lori la mahindi, na juu ya magunia akawa anafanya mazoezi ya kumsalimia, namna atakavyopiga magoti, namna atakavyosema shikamoo bila kucheka. Abiria wakamsifu kwa adabu yake, nami nikatabasamu pamoja nao. Kule kutabasamu kunaniuma mpaka leo.

Tulipofika hospitali tukakaa kwenye benchi, nje ya chumba cha meno. Akaniuliza, "Mama, baba atatokea mlango gani?" Nikamwonyesha mlango ule ule. Sijui nilikuwa nawaza nini, mwanangu. Pengine sikuwa nawaza. Tulipoitwa hakusubiri nimshike mkono. Aliingia mbio peke yake na karanga zake, akapiga magoti kabla hajaangalia mle ndani kuna nani.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti jeupe, na muuguzi wake. Skola akainua uso, akaangalia kiti, akaangalia koleo, kisha akageuka kunitazama mimi. Hakulia papo hapo. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba yuko wapi?" Nilimkamata mikono, muuguzi akamkamata miguu, akachomwa sindano ya ganzi, jino likang'olewa. Yule mzee alikuwa fundi wa kazi yake na sidhani kama mtoto aliumia sana. Lakini muda wote alikuwa akimwita baba yake aje amtoe mikononi mwangu.

Mzee alimpa pamba aiume, akanawa mikono, akaniambia taratibu, "Mama, mimi watoto wananiogopa na nimeshazoea. Wakifika nyumbani wananisahau. Huyu amekuogopa wewe. Ungemwambia kweli jana, angelia jana, na leo angekushika mkono."

"Ni mtoto tu," nilimjibu. "Atasahau."

"Haya, mama," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Hakusahau. Baba yake alipokuja kweli, kama wiki tatu baadaye, nilimwambia Skola akampokee barabarani. Hakuinuka. Aliendelea kuchambua maharage kana kwamba hakunisikia. Mume wangu akaingia mwenyewe na mizigo yake, akauliza kuna nini nyumba hii. Nikamwambia mtoto ana mafua. Unaona jinsi uongo mmoja unavyodai wa pili.

Alipofika miaka tisa, jino jingine likaoza, safari hii jino la ukubwani. Hakuniambia. Alitafuna upande mmoja, akawa anaacha ugali nusu na kusema ameshiba. Nilimwona anakonda, nikadhani ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Aliyejua ni jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma aliyehamia kwetu na mumewe na ng'ombe wao. Skola alikuwa akienda kwake kila jioni kuomba maji ya moto yenye chumvi asukutue. Yule mama alidhani ndimi ninayemtuma.

Siku yule mama aliponiita, taya la mwanangu lilikuwa limevimba mpaka shingoni. Mdomo haufunguki, homa inamchoma, mate yanamshinda kumeza. Nilijiuliza mimi ni mama wa namna gani, uvimbe unafika shingoni nami nalala naye nyumba moja. Kumbe alikuwa akijifunika khanga mpaka puani, na mimi nasema ni baridi.

Hospitali walimpasua chini ya taya kutoa usaha. Siku tatu za mwanzo daktari hakuniahidi chochote, nami sikuthubutu kuuliza. Ya nne homa ikashuka, akaweza kusema. Nikamwinamia nikamwuliza, "Skola, kwa nini hukuniambia?"

Akanijibu bila hasira yoyote, "Ningekwambia, ungenipeleka tena kumpokea baba."

Nimezika mume, mwanangu, nimezika na wazazi wangu wote wawili, lakini maneno ya kunichoma kama yale sijayasikia tena.

Skola sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, anaishi hapa hapa mjini. Wewe umemwona akija, yule anayependa mtandio. Ni mtoto mwema. Ananiletea sukari, ananipigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili nikimwuliza habari ananijibu, "Nzuri tu, mama." Mwaka jana alilazwa, akafanyiwa upasuaji, nami nikaja kusikia kwa watu kanisani baada ya mwezi mzima. Nilipomwuliza alisema hakutaka kunisumbua. Sina la kumlaumu, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Kwa hiyo leo hii, si Jumatatu asubuhi, mwite mwanao umwambie kwamba habari ya chipsi ilikuwa uongo na kwamba umekosea. Ndiyo, umwombe radhi, hata kama ana miaka minne, hutapungukiwa kitu. Mwambie mnakwenda kwa mtu anayetibu meno. Mlaze mapajani, mwangaze mdomoni, myahesabu meno yake kwa kijiko, kisha naye ahesabu yako, mcheke kama mnaweza. Usimwambie haitauma, kwa sababu hujui. Mwambie huenda atahisi kuchomwa kidogo, halafu shavu litakufa ganzi, na kwamba wewe utakuwa pale pale. Akilia, mwache alie nawe. Shangazi zake wakija na visa vyao vya kung'olewa meno, wafukuze waje jikoni kwangu wanisimulie mimi, nina meno sita tu yaliyobaki na hakuna wa kunitisha. Kule kwa daktari mwombe amwonyeshe vifaa kwanza, kisha mshike mwanao mkono, usimkamate. Akimaliza asile mpaka ganzi iishe, asije akajing'ata mdomo. Na kuanzia leo usimtishie tena sindano. Jino likichelewa kutibiwa kwa sababu mtoto anagoma, utahangaika siku mbili tatu, daktari atakusaidia. Lakini akikuona wewe ni mtu wa kumrubuni, sijui ni nani atakayekusaidia, maana mimi nimetafuta miaka yote hii.

Nenda kwake sasa, usingoje nimalize chai. Mungu akupe ujasiri wa kumwambia mwanao kweli, ampoze maumivu yake, na akujalie kuwa mama ambaye mtoto wake akiumwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.