Wakili Asiye na Joho

Keziah alikuwa mwanasheria asiyeruhusiwa kusema mahakamani. Alitoka Meru akiwa msichana, akasomea sheria hapa Johannesburg, akafaulu kuliko wengi waliokaa naye darasani. Lakini wakili wa nchi hii sharti awe raia au mwenye ukaaji wa kudumu, naye kibali chake kilikuwa cha kazi tu. Wenzake wakavaa joho, yeye akaajiriwa na kampuni ya bima huko Midrand, kusoma mikataba ya watu asiowajua.

Kilichomzuia asivunjike moyo ni chama. Wanasheria wa Afrika Mashariki na Kongo walioishi jijini walikuwa na umoja wao, wa kutafutiana kazi na kupigania haki ya kusajiliwa. Mwenyekiti, Mzee Mureithi, ndiye aliyewaambia kwamba chama cha kujililia wenyewe hakidumu. Akaomba ukumbi wa kanisa Joubert Park, na kila Jumamosi watu wakaja na shida zao: aliyefukuzwa kwenye fleti, aliyenyimwa mshahara, aliyefungiwa ndugu. Mureithi alikuwa mmoja wa wachache chamani wenye ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu. Keziah aliziandaa kesi, mzee akazisema.

"Wewe ndiwe kichwa, mwanangu. Mimi ni mdomo tu," alizoea kumwambia. Keziah alikuwa akicheka, ingawa maneno yale yalimchoma.

Juni, baridi imekaza, alikuja Mayasa, mwanamke wa Tanga, amemshika mkono bintiye Nusaiba. Mumewe Seif, fundi cherehani pale Newtown, alikuwa amekamatwa akirudi kutoka kazini. Kibali chake kilikwisha muda, na rufaa aliyokata aliponyimwa kipya ilikuwa haijasikilizwa.

"Dada, wanasema watamrudisha," Mayasa akasema. "Mie nina huyu, na mwingine tumboni."

"Rufaa yake ingali hai, Mama Nusaiba. Tutamwomba hakimu amwachilie aingojee nyumbani."

"Mtaweza?"

"Tutaweza," Keziah akasema, maana kesi ilikuwa nzuri, naye aliijua ndani nje.

Siku ya kusikilizwa Keziah alifika mapema. Mureithi hakufika. Simu yake iliita tu bila kupokelewa. Kesi ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, na hakimu alikuwa ameonya kwamba hataiahirisha tena. Seif akaletwa, amekonda, macho yakitangatanga mpaka yalipomwona mkewe.

"Mwombaji ana wakili?" hakimu akauliza.

 Keziah akasimama. Hata yeye hakujua nini kilichomwinua. Seif alimwona, uso ukamkunjuka.

"Wewe ni wakili?"

"Nimesomea sheria, mheshimiwa. Kesi hii nimeiandaa mimi. Wakili wetu amechelewa, naomba..."

"Nimeuliza kama umesajiliwa."

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Seif akajitetea mwenyewe kupitia kwa mkalimani. Alieleza habari za cherehani yake, mkewe, mtoto. Rufaa hakuitaja, alidhani hakimu anaijua. Keziah alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega, neno lile lile limemjaa kinywani, na hakuruhusiwa kulitoa. Ombi likakataliwa.

Keziah na Mayasa walikuwa kwenye ngazi za nje simu ya Keziah ilipolia. Ni Sidney, katibu wa chama. Mzee Mureithi alizidiwa akiwa anaendesha gari kuja mahakamani. Aliwahi kulisogeza pembeni mwa barabara, akakata roho pale pale.

Keziah akaketi kwenye ngazi. Mayasa, ambaye mumewe alikuwa ametoka tu kurudishwa rumande, ndiye aliyevua mtandio wake akamfunika mabega. "Inna lillahi," akasema. "Lia, dada. Lia."

Chama kilimtafuta wakili mwingine akimbilie mahakama ya juu. Alipopatikana, Seif alikuwa ameshapandishwa ndege. Jeneza la Mureithi lilisafirishwa kwenda Kenya wiki hiyo hiyo.

Agosti, mimba haijawa nzito, Mayasa aliamua kumfuata mumewe. Keziah akamsindikiza Park Station kupanda basi la Harare, mwanzo wa safari ndefu ya Tanga. Nusaiba alikuwa akiongea Kizulu na mtoto wa abiria mwingine. Kiswahili alikisikia, ila kukisema hakuweza.

"Sijui ataongea nini na bibi yake," Mayasa akasema.

"Mama Nusaiba, unisamehe kwa siku ile."

Mayasa alimtazama. "Seif kanieleza kwa simu. Uliposimama, alijua ameshaokoka. Yeye hana kinyongo nawe, anasema angalau alisimamiwa na mtu." Akaufunga upya mkoba wake. "Ila mie sitakuficha, dada. Ule uso wake ulivyokunjuka, kisha wewe ukaambiwa ukae... bora usingesimama."

 Keziah akainua begi kubwa, akampa utingo, kisha akakumbatiana na Mayasa.

Wenzake walimchagua yeye kushika nafasi ya Mureithi. Jumamosi aliufungua ukumbi kama kawaida. Kila aliyeketi mbele yake, kabla hajafungua kinywa, Keziah alimwambia kwanza, "Mimi siwezi kukusemea mahakamani." Wengine walibaki. Wengine waliinuka wakaenda zao, naye akawatazama wakitoka, wala hakuwalaumu.