Ndege Aliyeambiwa Ainue Kichwa

Mume wangu Habib amepiga picha za harusi hapa Gisenyi tangu mi nikiwa msichana. Sasa kila mutu ana simu. Bibi harusi anajipiga mwenyewe, na Habib anashinda ufukweni na kamera shingoni, anazitukana simu kutwa. Mi nashona, yeye ananuna. Nimechoka!

Halafu akaja huyo ndege: mweusi na mweupe, miguu mirefu, mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu. Valentin, anayetembeza wageni wanaopenda ndege, alisema hapa kwetu ni nadra kumuona. "Bon, Habib, niletee picha safi, mdomo uonekane. Nitakuchukua uwapigie wageni wangu picha."

Basi tukalala matopeni, pale mto Sebeya unapoingia ziwani. Ndiyo, na mimi! Kwenye harusi namushikia kitambaa cheupe cha kurudishia bibi harusi mwanga usoni, kwa hiyo eti hata kwa ndege nishike. Yeye upande huu, mi upande ule, ndege katikati. Gauni langu, yarabi! Na ndege hana habari, kichwa chini, anafagia matope kwa mdomo. Kila picha ilikuwa mgongo tu.

Kiuno kikaniuma. Kwa hasira nikatoa simu, nimupige Habib alivyolala, dada yangu acheke. Wakati huohuo ndege akamsogelea karibu kabisa. Na Habib wangu, kwa mazoea ya harusini, akainua mkono, akapiga vidole, akaita: "Bibi harusi! Kichwa juu, angalia huku!"

Ndege akainua kichwa, akaruka, akaenda zake.

"We Baba Hamdani, una wazimu?" nilimfokea. "Huyu ni bibi harusi?" Kidole cha kubonyeza kamera kilikuwa hewani, hakupata kitu.

Picha ilikuwa kwenye simu yangu. Mdomo wa ndege unaonekana wazi kabisa, na nyuma yake Habib kifudifudi, vidole juu.

Valentin alicheka mpaka machozi. "Nani alipiga hii?"

"Mke wangu," Habib alisema. "Na simu."

"Basi Jumapili aje Mama Hamdani."

Habib aliinama, akafuta lenzi iliyokuwa safi. Roho iliniuma, pamoja na hasira zangu zote.

"Siendi bila yeye," nilimwambia Valentin. "Nani atanishikia kitambaa?"